Utangulizi: Kiungo Kinapobisha Hodi

Fungua ukurasa wa duka au zahanati yoyote kwenye simu yako, kisha uguse namba iliyoandikwa pale chini. Kivinjari hakikupeleki ukurasa mwingine. Kinajiweka kando, sehemu ya kupigia simu inafunguka, na namba iko pale imeshajazwa, inangoja kidole chako. Kwa mtumiaji hilo ni jambo dogo lisilo na habari. Kwa sisi tunaofundisha jinsi programu zinavyosemezana, somo zima linaanzia hapo: programu moja imekutana na anwani isiyoiweza, ikaitafutia mwenyewe na kumkabidhi.

Kijitabu hiki kinahusu makabidhiano hayo, hasa yale ya kivinjari na kihariri cha matini. Unasoma makala mtandaoni, unabofya mara moja, na kichwa cha makala, anwani yake na aya uliyoichagua vinatua ndani ya daftari lako la kazi, palepale ulipotaka vitue. Au mtengeneza programu anaona kosa limetajwa kwenye ukurasa wake wa majaribio, anabofya jina la faili, na kihariri kinamfungulia faili hilohilo kwenye mstari wa 42. Utasema kunakili na kubandika kunatosha. Kunatosha, nami nimeishi hivyo miaka mingi. Lakini anayenakili vitu vitatu kwa kila makala, makala 40 kwa siku, anajua ikifika alasiri ni kipi kinachoachwa. Ni anwani. Siku ya kuandika tanbihi anajikuta na nukuu nzuri isiyo na kwao.

Tuanze na majina. Kila anwani ya mtandao ina neno linalotangulia nukta pacha ya kwanza: `https`, `mailto`, `tel`. Neno hilo nitaliita skimu. Najua msomaji wa Mbarali akisikia skimu anaona mifereji na mpunga. Haidhuru, hata hapa kazi yake ni kuelekeza maji kwenye shamba linalostahili. Wengi huiita itifaki, na katika mazungumzo sitamkosoa mtu, lakini kwenye karatasi ya mtihani nitamkosoa. Itifaki ni kanuni za mazungumzo baina ya mashine na mashine. Skimu ni jina tu, linalosema anwani hii isomwe na nani na kwa namna gani. `mailto` haizungumzi na mashine yoyote. Inasema tu, mwite anayeshughulika na barua.

Waraka wa mapema uliopanga anwani hizi kwa utaratibu, RFC 1738, ulitoka Desemba 1994, na miongoni mwa waandishi wake watatu alikuwemo Tim Berners-Lee, baba wa wavuti. Ulitaja skimu 10. `http` imo, `ftp` imo, na imo pia `telnet`, ambayo kwa kawaida ilimlazimu mtu kufungua programu nyingine kabisa. Kwa hiyo wavuti ulizaliwa ukijua kwamba si kila kitu kitafunguka ndani yake. Mwaka 2005 ukaja RFC 3986, ambao ndio tunaoufuata hadi leo. Humo kuna kanuni moja fupi inayowaponza wanafunzi wangu kila muhula: skimu huanza kwa herufi, kisha hufuata herufi, tarakimu, alama ya kujumlisha, kistari au nukta. Mstari wa chini haumo. Anayeipa skimu yake jina `daftari_langu` atakesha akitafuta kosa mahali pengine. `Daftari-langu` ingempitisha bila maswali. Na ile mikwaju miwili inayofuata nukta pacha? Berners-Lee mwenyewe alikiri mwaka 2009 kwamba haikuwa ya lazima. `mailto` na `tel` zimeishi bila mikwaju hiyo na hazijapungukiwa.

Orodha rasmi ya skimu iko mikononi mwa IANA, na mtu anaweza kuomba kuandikishwa. Ndani ya kompyuta yako, hata hivyo, hakuna wa kumwomba kibali. Unaweza kuamka asubuhi, ukaamua kuna skimu iitwayo `shajara`, ukaiambia kompyuta kwamba anayeishughulikia ni programu fulani, na kabla chai haijapoa viungo vya `shajara:` vikawa vinafanya kazi. Mfumo wote una urahisi huo. Programu nyingine nayo inaweza kuamka ikaamua hivyohivyo, kwa jina hilohilo, na wewe huna habari.

Sasa tufuate kiungo kimoja safarini. Kinapita mikono mitatu.

Mkono wa kwanza ni kivinjari. Kikikuta skimu kisiyoijua, hakiendi kutafuta kihariri chako. Hakijui hata kama unacho. Kinakuuliza kama uko radhi, kisha kinaupa mfumo wa kompyuta anwani nzima. Kuuliza huko ni jambo jema lililofanywa vibaya. Kwenye Linux, Chrome hukuuliza kama unakubali kufungua `xdg-open`. Wewe ulitaka daftari lako. `Xdg-open` ni nani? Ni mjumbe wa mfumo, mpokea anwani anayezigawa kwa wenyewe, lakini hakuna aliyewahi kukutambulisha kwake. Mwanafunzi mmoja alinijia na kompyuta mkononi akaniuliza, "Mwalimu, hiki kirusi kimeingiaje?" Sikumcheka. Aliyeona jina asilolijua akasita, amefanya sawasawa.

Mkono wa pili ni mfumo wenyewe, na kila mfumo una daftari lake la majina. Kwenye Linux unaandika faili dogo lenye kiishio `.desktop` na kuliweka ndani ya `~/.local/share/applications`. Mistari miwili ndiyo yenye uzito:

`MimeType=x-scheme-handler/org-protocol;`
`Exec=emacsclient %u`

Wa kwanza unataja skimu, wa pili unataja wa kuitwa, na `%u` ni mahali ambapo anwani itawekwa. Kisha amri ya `xdg-mime` inathibitisha kwamba faili hilo ndilo chaguo la kwanza. Windows hutunza mambo hayo kwenye rejista: ufunguo wenye jina la skimu, ndani yake kitu kiitwacho `URL Protocol` kinachoachwa kitupu, na chini yake amri ya kuendeshwa yenye `"%1"`. Zile alama za kunukuu pembeni mwa `%1` usizione pambo, tutazirudia. Kwenye Mac programu yenyewe hutangaza skimu zake katika faili la `Info.plist`, kwa hiyo hati ndogo uliyoiandika jioni haiwezi kujitangaza mpaka uivishe vazi la programu kamili. Mifumo mitatu, desturi tatu, maana moja.

Mkono wa tatu ni kihariri, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vihariri vinapotofautiana tabia.

Kuna vinavyotumia kiungo kama kidole cha kuonyesha mahali. Visual Studio Code hupokea anwani kama `vscode://file/home/amina/kamusi/methali.txt:42:7`, ikafungua faili hilo, mstari wa 42, herufi ya 7. TextMate ya kwenye Mac ina skimu yake, `txmt`, inayopokea jina la faili, mstari na safu. Waandishi wa PHP wanaotumia Xdebug huandika mpangilio wa kiungo mara moja kwenye usanidi, na tangu siku hiyo kila kosa linalotokea kwenye kivinjari linabofyeka. Ni kitu kizuri, chepesi, na hakina mengi ya kujadiliwa: mahali papo au hapapo.

Kazi ya aina ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo iliyonivuta. Kiungo hakionyeshi mahali, kinabeba mzigo. Mfano ninaoujua vizuri ni `org-protocol` ya Emacs. Emacs ni mzee; mizizi yake ni kazi ya Richard Stallman na wenzake ya mwaka 1976, na toleo la GNU lilitoka 1985. Org, sehemu yake ya kupangia madaftari na kazi, ilianzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mwanafalaki wa Amsterdam aliyechoka na vurugu za madokezo yake. Simlaumu. Aliyewahi kutafuta karatasi moja kwenye rundo anaelewa.

`org-protocol` ina amri tatu za kawaida. Moja huhifadhi kiungo ili ukibandike baadaye. Ya pili hufungua faili la asili la ukurasa unaoutengeneza mwenyewe. Ya tatu, `capture`, ndiyo inayobeba mzigo: anwani, kichwa na aya iliyochaguliwa huingia kwenye kiolezo ulichokiandaa. Namna inavyofanya kazi ndani inanifurahisha kila ninapoieleza. Emacs huwa tayari imefunguliwa, na ndani yake seva imewashwa. Kiungo kinapofika, mfumo unaita `emacsclient`, kitumwa kidogo ambacho kwa desturi kazi yake ni kusema, "Bwana, kuna faili la kufungua." Kitumwa hakijui skimu wala hakitaki kujua. Kinapeleka anwani yote kana kwamba ni jina la faili. Ni ndani ya Emacs ndipo msimbo wa Org unapolikagua jina hilo, unaona linaanza na `org-protocol:`, unalichomoa kwenye foleni ya mafaili na kulisoma kama ujumbe. Kwa hiyo ukisahau kupakia moduli yenye msimbo huo, hakuna onyo lolote: Emacs itakufungulia faili tupu lenye jina la ajabu, refu kama treni ya mizigo. Ukiliona faili hilo usihangaike na kivinjari. Mkono wa kwanza na wa pili imefanya kazi. Aliyelala ni wa tatu.

Upande wa kivinjari kinachohitajika ni alamisho moja ambalo badala ya anwani lina msimbo:

`javascript:location.href='org-protocol://capture?template=w&url='+encodeURIComponent(location.href)+'&title='+encodeURIComponent(document.title)+'&body='+encodeURIComponent(window.getSelection())`

Jicho la mgeni hukimbilia mwanzo na mwisho. Mimi naomba ulitazame neno linalojirudia mara tatu katikati, `encodeURIComponent`. Nikiulizwa taaluma hii inahusu nini hasa, nitalionyesha neno hilo.

Chukua ukurasa wenye kichwa "Maziwa & siagi". Ndani ya anwani, alama ya `&` hutenganisha vipande: hapa anwani, hapa kichwa, hapa aya. Kichwa kikiingia bila kufungwa, msomaji wa upande wa pili ataona kichwa ni "Maziwa", kisha kipande kingine asichokielewa kiitwacho "siagi", atakitupa. Alama ya reli ni hatari zaidi, maana katika anwani kila kinachofuata `#` huhesabiwa kuwa ni jina la sehemu ndani ya ukurasa. Kwa hiyo tunafunga. Nafasi inakuwa `%20`, reli inakuwa `%23`, `&` inakuwa `%26`, na alama ya asilimia yenyewe, kwa kuwa ndiyo kamba ya kufungia, inakuwa `%25`. Kihariri kinafungua upande wa pili. Sharti ni moja: idadi ya kufunga ilingane na idadi ya kufungua. Ukifunga mara mbili na kufungua mara moja, daftari litajaa `%20` kama kokoto kwenye mchele. Ukifungua mara mbili kilichofungwa mara moja, utakula alama zisizokuwa zako.

Nilidhani nimelielewa hilo. Wakati huo nilikuwa nakusanya msamiati wa ufugaji kutoka magazeti ya mtandaoni, na kwa ujuzi wangu wa nusu niliona `emacsclient` peke yake haitoshi. Nikaandika hati ndogo ya kupokea anwani, kuipamba, kisha kuipeleka mbele kupitia ganda la amri. Ilifanya kazi siku ile ile. Wiki mbili baadaye nikaketi kuhesabu mavuno. Mbuzi walikuwepo, kondoo walikuwepo, punda pia. Ng'ombe hakuwepo hata mmoja. Wiki mbili za kusoma habari za wafugaji, na zizi halina ng'ombe!

Kosa lilikuwa kwenye ritifaa. `encodeURIComponent` hufunga karibu kila alama, lakini inaziacha 9 zipite kama zilivyo: kistari, mstari wa chini, nukta, alama ya mshangao, kiwimbi, nyota, mabano mawili na ritifaa. Kwa anwani hilo si kosa. Hati yangu, hata hivyo, ilikuwa imeizungushia anwani alama moja moja za kunukuu kabla ya kuipeleka kwenye ganda, na kwa ganda ritifaa ndiyo alama ya kufunga nukuu. Ilipofika "ng'", ganda likaona nukuu imekwisha, lililobaki likawa takataka, amri ikafa kimyakimya. Ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, kung'ara: wote waliishia mlangoni. Vitabu vya Kiingereza hulitaja tatizo hili kwa mifano ya maneno yaliyofupishwa, kana kwamba ni la pembeni. Kwetu si la pembeni. Ng' ni konsonanti kamili ya Kiswahili, na mnyama anayetajwa kuliko wote kwenye habari za ufugaji anaanza nayo.

Tiba ya haraka ni kuongeza `.replace(/'/g,'%27')` baada ya kila kufunga. Tiba ya kweli ni kuacha kupitisha anwani kwenye ganda: ipeleke kama hoja moja iliyosimama peke yake, ambayo hakuna anayeikata wala kuitafsiri njiani. Ule mstari wa `Exec` niliouonyesha juu unafanya hivyo, na mimi niliyeuacha kwa kujifanya fundi nililipia.

Hadithi ya ritifaa ina mkia. Tovuti nyingi hazitumii ritifaa iliyonyooka, hutumia ile iliyopinda, ambayo kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa. Ikifungwa inakuwa `%E2%80%99`. Hiyo inapita milango yote salama salimini. Ila inafika daftarini ikiwa imepinda, na ukitafuta "ng'ombe" kwa ritifaa iliyonyooka humpati "ng’ombe" wa ritifaa iliyopinda. Kwa mtafiti wa lugha hapo pana makosa ya hesabu yasiyopiga kelele. Nyoosha ritifaa zote wakati wa kupokea, kabla hazijalala daftarini.

Wapo wenzetu wanaofanya kazi na tenzi na barua za zamani zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, nao wana shida yao. Herufi ya Kilatini isiyo na mapambo hupita bila kufungwa, herufi moja ikabaki moja. Herufi ya ب ikifungwa inakuwa `%D8%A8`, yaani moja imekuwa sita. Windows hairuhusu amri inayozidi herufi 32,767, ambayo ni sawa na herufi za Kiarabu zisizofika 5,500, na hapo bado hujaweka anwani na kichwa. Linux ina nafasi zaidi, baiti 131,072 kwa hoja moja, lakini nayo ina ukomo. Utenzi mrefu hauingii kwenye kiungo. Kwa kazi hiyo utahitaji njia nyingine, kiendelezi cha kivinjari kinachozungumza moja kwa moja na programu ya kompyuta bila kupitia anwani. Nitaigusa baadaye kijitabuni, kwa ufupi, maana ni nyumba ya jirani na ina mwenyewe.

Nimeacha la usalama hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu anayeanza nalo huishia kuogopa asijenge kitu. Mlango uliotoboa kwa ajili yako, wengine wanaweza kuubisha. Mwaka 2012, kwenye mkutano wa Ekoparty huko Buenos Aires, mtafiti Ravi Borgaonkar alionyesha ukurasa wa wavuti uliofuta kila kitu kwenye baadhi ya simu za Samsung. Silaha yake ilikuwa kiungo cha `tel:`. Badala ya namba ya mtu, kilibeba msimbo wa nyota na reli wa kurudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Mtanzania anayepiga `*150*00#` kutuma pesa haelezwi zaidi: misimbo ya aina hiyo si namba, ni amri, na sehemu ya kupigia ya simu zile iliitekeleza bila kungoja kidole. Kivinjari kilikabidhi, mpokeaji akatii pasipo kuuliza. iPhone, kwa upande wake, wakati huo haikukubali kupiga kiungo cha `tel` chenye nyota au reli.

Mwaka 2007 kosa lilikuwa kwenye zile alama za kunukuu za `"%1"`. Firefox ilikuwa imejiandikisha kwenye rejista ya Windows kwa skimu ya `firefoxurl`. Internet Explorer ikipewa kiungo cha skimu hiyo chenye alama ya kunukuu ndani yake, ilikipeleka kama kilivyo; alama ile ikafunga nukuu kabla ya wakati, na maneno yaliyofuata yakageuka kuwa maagizo kwa Firefox. Ni ng'ombe wangu yuleyule, safari hii akiwa na pembe. Wenye vivinjari hivyo viwili wakazozana ni kosa la nani: la aliyekabidhi bila kufunga, au la aliyepokea bila kukagua? Mozilla, iliyotengeneza Firefox, ilirekebisha upande wake, na ndani ya mwezi huohuo wa Julai ikakiri kwamba Firefox nayo, inapokuwa mkabidhi, ilikuwa na udhaifu wa namna hiyo. Hukumu yangu ni kwamba wote wawili walikuwa na kosa, lakini anayepokea ndiye mwenye nyumba. Mei 2022 Microsoft ilikumbwa na tatizo la `ms-msdt`, skimu ya chombo chake cha kuchunguza hitilafu. Hati ya Word iliweza kuiita na kuendesha amri za mshambuliaji, na ushauri wa kwanza wa kampuni kwa watu wake ulikuwa ni kuufuta ufunguo wa skimu hiyo kwenye rejista. Mlango uking'olewa hakuna wa kuubisha.

Kwa kihariri chako hayo yana maana ya karibu sana. Kiungo kiruhusiwe kuleta maandishi; kisiruhusiwe kuendesha amri. Kinacholetwa kionekane kabla hakijahifadhiwa: kiolezo cha Org hukufungulia dirisha, ukasoma, ukathibitisha kwa `C-c C-c` au ukatupa. Kuna mipangilio ya kuruka hatua hiyo ili mambo yajihifadhi yenyewe. Najua inavutia, usiiweke kwa kinachotoka mtandaoni. Org ina viungo vya `shell:` na `elisp:` vinavyoweza kuendesha amri vikibofywa, na ukurasa wenye hila unaweza kukupachikia kimoja ndani ya aya unayoiona haina kasoro. Org hukuuliza kabla ya kukitekeleza. Wapo wanaoliondoa swali hilo kwa sababu linawachosha. Na kile kisanduku cha kivinjari cha "ruhusu daima kwa tovuti hii" kiweke alama kwenye tovuti yako mwenyewe tu. Kubofya mara moja zaidi hakujamuumiza mtu.

Wapo watakaoniuliza kwa nini tusitumie `file:` tu, ambayo ipo tangu waraka wa 1994. Kurasa za mtandaoni haziruhusiwi na vivinjari kufungua mafaili ya kompyuta yako kwa njia hiyo, na hata zingeruhusiwa, `file:` ingefungua faili ndani ya kivinjari, si ndani ya kihariri. Wengine watauliza kuhusu tovuti zinazojiandikisha zenyewe kushughulikia skimu. Zipo. Isipokuwa kwa orodha fupi ya skimu zilizokubaliwa kama `mailto`, jina lazima lianze na `web+`. Lakini mzigo huo huishia kwenye tovuti nyingine, na sisi tunataka ufike nyumbani.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, nakuomba jambo moja. Tengeneza ukurasa mtupu wenye kichwa hiki: Ng'ombe 2 & mbuzi #1 (50%). Uubofye kwa alamisho lako, kisha utazame daftarini. Ukiona "Ng'ombe 2" peke yake, aliyekula ni `&`, na kosa liko kwenye alamisho. Ukiona asilimia zimezaa namba, umefunga mara mbili. Ukikuta faili tupu lenye jina refu, washa moduli. Usipoona chochote kabisa, tafuta kosa kwanza kwenye ritifaa.

Kichwa kikifika kizima, karibu ndani.